Kichujio cha Ratiba Hakili Saa za Mtu

Mwisho wa mwezi mmoja, katika ofisi ndogo ya tafsiri jijini Dar es Salaam ambako mimi ndiye niliyekuwa nikiandaa ripoti za muda wa kazi, mwenzangu mmoja aliingia akiwa na simu mkono mmoja na mkono wa pili karatasi niliyompelekea asubuhi ile. Kwenye simu, programu ilimwonyesha kuwa wiki iliyopita alifanya kazi saa 43 na dakika 30. Kwenye karatasi yangu zilikuwa saa 36. "Kaka, huu mfumo wenu umenila masaa," alisema, na hakuwa akitania.

Tulifungua kompyuta tukakaa pamoja. Hakuna saa iliyokuwa imeliwa. Simu yake ilikuwa sahihi na karatasi yangu nayo ilikuwa sahihi, kwa kuwa kila moja ilikuwa ikijibu swali lake. Tofauti yote ilitokana na kisanduku kimoja kilicho juu ya ripoti, kilichoandikwa "Ratiba", ambacho nilikitia alama ya vema wiki kadhaa nyuma kisha nikasahau kwamba kipo. Tangu siku ile nimesikia lawama hiyohiyo kwa wahasibu, kwa walinzi wa zamu na kwa vijana wanaofanyia kazi kampuni za ng'ambo wakiwa nyumbani, na karibu kila mara chanzo chake ni kisanduku hicho.

Tuanze na maneno yenyewe. Programu ya kufuatilia muda ni ile inayoweka kumbukumbu ya saa ambayo mtu alianza shughuli na saa aliyoimaliza. Zipo za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza humtaka mtu mwenyewe abonyeze kitufe anapoanza na anapomaliza. Toggl Track na Clockify ni miongoni mwa zinazojulikana katika kundi hili. Namna ya pili hukaa kimya ndani ya kompyuta na kuandika yenyewe ni dirisha gani lililo wazi mbele ya mtumiaji na kwa muda gani, na humo zimo ManicTime na ActivityWatch. Kila kipande cha muda kilichoandikwa, kwa mfano "Jumanne, 08:10 hadi 09:45, tafsiri ya mkataba", tutakiita rekodi. Ratiba ni maelezo ya saa zinazotarajiwa, mathalani Jumatatu hadi Ijumaa, 08:00 hadi 17:00. Kichujio ni sharti unaloiwekea ripoti ili ionyeshe baadhi ya muda na kuuacha mwingine. Kwa hiyo kichujio cha ratiba ni sharti linaloiambia ripoti: nionyeshe muda ulioangukia ndani ya ratiba hii peke yake, au, ukikigeuza, nionyeshe ule ulioangukia nje yake.

Aliyewahi kuchuja tui anajua kwamba likishapita, machicha hubaki ndani ya kifumbu. Hayajapotea, na mpishi asiyependa kupoteza huyatia maji akayakamua tena apate tui la pili. Saa za nje ya ratiba ni kama machicha hayo: zimezuiliwa zisiingie kwenye sufuria hii, lakini zipo. Mfano huu una kasoro moja ambayo ni vizuri kuitaja, nayo ni kwamba nazi iliyokamuliwa hairudi kuwa nazi, ilhali kichujio cha ripoti hakiigusi rekodi hata kidogo. Mwenzangu alipokiondoa kisanduku kile kwa mkono wake, saa zote 43 na nusu zilionekana tena papo hapo, kwa sababu hazikuwa zimekwenda popote.

Ratiba mbili zenye jina moja

Laiti mambo yangeishia hapo, mkanganyiko ungekuwa mdogo. Tatizo ni kwamba programu zinazorekodi zenyewe huwa na mipangilio miwili tofauti inayotumia neno lilelile, ratiba. Mpangilio wa kwanza huiambia programu lini irekodi na lini ilale. Wa pili huiambia ripoti ionyeshe nini katika yale yaliyokwisha kurekodiwa. Katika skrini, mipangilio hiyo hufanana: siku saba za wiki, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Matokeo yake hayafanani hata kidogo.

Mpangilio wa kwanza ni kama mgao wa maji. Siku ambayo si zamu ya mtaa wenu, maji hayatoki, na hata ukiliacha bomba wazi usiku kucha hutapata cha kuweka kwenye pipa. Mpangilio wa pili ni kama kuamua leo utachota pipa lipi kati ya mapipa yaliyokwisha kujaa. Mtu aliyefanya kazi saa mbili za jioni huku programu yake ikiwa imepangiwa kulala kuanzia saa 17:00, saa zake hizo hazikuwahi kuandikwa, na hakuna fundi atakayezirudisha. Njia iliyobaki ni kuziandika kwa mkono, ikiwa programu inaruhusu na msimamizi anakubali. Yule ambaye saa zake zimezuiliwa na kichujio cha ripoti hana hasara yoyote zaidi ya kukasirika. Ndiyo maana, mtu anaponijia na malalamiko, swali langu la kwanza siku hizi ni kama muda huo ulirekodiwa. Namna ya kujua ni nyepesi: ondoa vichujio vyote, chagua siku moja ambayo unakumbuka vizuri ulichofanya jioni yake, kisha utazame. Jioni ikiwa tupu, tatizo liko kwenye mpangilio wa kurekodi. Jioni ikiwa na rekodi, tatizo liko kwenye ripoti.

Tofauti hii ina uzito zaidi inapofika kwenye faragha. Wapo wafanyakazi wanaoamini kwamba, kwa kuwa ripoti inachujwa kwa saa za kazi, mambo waliyofanya kwenye kompyuta ya ofisi saa tatu usiku hayajulikani. Na wapo waajiri wanaowatuliza kwa kuwaambia, "Sisi hatuangalii mambo yenu ya jioni, tumeweka kichujio." Wote wawili wanachanganya kuchuja na kutokukusanya. Taarifa za jioni zimekwisha kuandikwa, na mwenye ruhusa ya kuweka kichujio ana ruhusa ya kukiondoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinasimama juu ya msingi kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Mwajiri anayetaka kweli kuheshimu jioni za watu, kwa maoni yangu, anapaswa kufunga bomba lenyewe, yaani kuizuia programu isirekodi nje ya saa za kazi, badala ya kujaza mapipa kisha kuahidi kutoyafunua.

Kisu kinakata wapi

Ratiba ina mipaka, na kazi za watu haziheshimu mipaka. Chukua rekodi moja iliyoanza 16:30 na kuisha 18:15, yaani dakika 105, na ratiba inayokoma 17:00. Je, rekodi hii iko ndani au nje?

Kuna majibu matatu yanayowezekana. Programu inaweza kuikata rekodi kwenye mpaka, ikahesabu dakika 30 ndani na dakika 75 nje. Inaweza kutazama saa ya kuanza tu na, kwa kuwa 16:30 imo ndani, ikazihesabu dakika zote 105 kuwa za ndani. Au inaweza kuitaka rekodi iwe ndani yote mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa haikutimiza sharti hilo, ikaiacha nzima. Kazi ni ileile na ratiba ni ileile, lakini kwenye ripoti utasoma 30, au 105, au sifuri. Njia ya kwanza ndiyo ya haki zaidi. Njia ya pili humpa faida ya ajabu mtu anayeanza rekodi moja ndefu saa 16:50 akaifunga 20:00, maana dakika zake zote 190 zitahesabika kuwa za ndani ya saa za kazi ingawa zilizokuwa ndani ni 10 tu.

Usiiamini programu kwa maneno ya kwenye tangazo lake. Tengeneza rekodi ya majaribio inayovuka mpaka, kama ile ya 16:30, kisha utoe ripoti tatu za siku hiyo: moja ya ndani ya ratiba, moja ya nje, na moja isiyo na kichujio. Ndani ukijumlisha na nje lazima upate jumla. Zisipolingana, kuna muda unaohesabiwa mara mbili au usiohesabiwa popote, na ni afadhali uligundue hilo kwenye rekodi ya majaribio kuliko kwenye mshahara wa mtu.

Chakula cha mchana nacho kina mtego wake, ingawa ni mdogo. Ratiba ya 08:00 hadi 17:00 iliyoandikwa kama kipande kimoja ina saa tisa ndani yake, na mtu akiacha kipima muda kikiendelea huku yuko kwa mama ntilie, ripoti itamhesabia saa tisa. Ikiandikwa vipande viwili, 08:00 hadi 12:30 na 13:30 hadi 17:00, itamhesabia nane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe mapumziko ya angalau dakika 60 kwa mtu anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, kwa hiyo ratiba yenye vipande viwili iko karibu zaidi na hali halisi.

Saa mbili ya nani?

Hadi sasa nimeandika saa kwa namba za kompyuta makusudi. Watu wanaotumia programu hizi huku kwetu hawasemi "saa nane" wakimaanisha asubuhi. Wanasema saa mbili. Siku ya Mswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na usiku wake tangu linapozama, na programu zote nilizotumia zinahesabu tangu katikati ya usiku. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo la saa sita, na pengo hilo limeharibu ripoti nyingi kuliko hitilafu yoyote ya mtambo.

Nimeona kwa macho yangu ratiba iliyojazwa "2:00 hadi 11:00". Aliyeijaza alimaanisha saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kila aliyeisoma pale ofisini aliielewa hivyohivyo, ndiyo sababu hakuna aliyeona kosa. Kompyuta peke yake ndiyo iliyoelewa kwamba kazi inaanza saa nane za usiku wa manane na kwisha saa tano asubuhi. Watu walifanya kazi kuanzia 08:00 hadi 17:00 kama kawaida, na kichujio kikawahesabia ule muda tu uliogongana na ratiba, yaani 08:00 hadi 11:00. Wafanyakazi wote wakaonekana wamefanya kazi saa tatu kwa siku, 15 kwa wiki. Kilichotuokoa ni kwamba walikosa saa kwa kiwango sawa. Angekuwa mmoja peke yake, nina hakika angeitwa mvivu.

Kosa baya zaidi ni la wenye zamu ya saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Ukiandika "12:00 hadi 12:00", programu moja itakataa, nyingine itaona muda wa sifuri, na nyingine itaona siku nzima kuanzia adhuhuri hadi adhuhuri. Kwa hiyo badilisha saa kabla hujaandika. Kwa saa za mchana, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita: saa kumi na moja jioni ni 17:00. Kwa saa moja hadi saa tano usiku, ongeza kumi na nane: saa tatu usiku ni 21:00. Saa sita usiku ni 00:00. Tangu saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, punguza sita: saa kumi alfajiri ni 04:00. Na programu ikikupa hiari ya kutumia hesabu ya saa 24, ichague, kwa sababu alama za AM na PM huongeza mlango mwingine wa kukosea, hasa kwenye saa sita ya mchana na ya usiku.

Usiku ni wa siku gani?

Zamu za usiku ndizo zinazoonyesha kwa uwazi kabisa kwamba kichujio ni chombo butu kikiachwa kijiongoze. Tumchukue mlinzi anayefanya kazi usiku nne kwa wiki, Jumatano hadi Jumamosi, kuanzia 18:00 hadi 06:00. Sheria ya 2004 inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, mtu kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku pamoja na mapumziko ya chakula bila malipo ya ziada, mradi siku zisizidi tano na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Huyu ana saa 48, ukitoa saa moja ya mapumziko kila usiku anabaki na 44. Hadi hapo hakuna tatizo.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri alipe nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa inayofanywa usiku, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia 20:00 hadi 06:00. Kwa hiyo mhasibu anatengeneza kichujio cha ratiba: Jumatano hadi Jumamosi, 20:00 hadi 06:00. Kila usiku una saa 10 za namna hiyo, na usiku nne ni saa 40, tukiyaweka kando mapumziko kwa sasa. Ripoti inatoka na saa 34.

Sita zimekwenda wapi? Programu nyingi haziujui usiku, zinaijua tarehe. Kwao siku huisha 00:00, kwa hiyo ratiba ya 20:00 hadi 06:00 hugawanywa vipande viwili vya tarehe ileile: 00:00 hadi 06:00, na 20:00 hadi 24:00. Ukiitazama Jumatano kwa macho hayo, utakuta kipande chake cha alfajiri ni kitupu, kwa kuwa Jumanne usiku mlinzi alikuwa amelala kwake. Upande wa pili wa wiki, zile saa sita alizofanya baada ya saa sita usiku wa Jumamosi zimeangukia tarehe ya Jumapili, na Jumapili haimo kwenye ratiba. Kichujio kimezidondosha. Kama mshahara wake wa msingi ni shilingi 2,000 kwa saa, nyongeza iliyopotea ni shilingi 600 kwa wiki, kiasi ambacho ni rahisi kukipuuza hadi ukizidishe kwa wiki 52 ukute shilingi 31,200.

Lugha yetu ilikwisha kulitambua tatizo hili kabla ya kompyuta. Katika hesabu ya zamani, siku huanza jua linapozama, na ndiyo maana mzee akikuambia "usiku wa Ijumaa" huenda akawa na maana ya ule ambao wewe unauita Alhamisi usiku. Kwa kuondoa utata huo watu husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na magazeti yanapoandika habari za moto au ajali hufanya vivyo hivyo. Unapotengeneza ratiba ya zamu, jiulize kwa maneno hayohayo: huu ni usiku wa kuamkia lini? Kama programu ina chaguo la kuihesabu zamu kwa siku iliyoanzia, litumie. Kama haina, andika vipande viwili kwa mkono, 20:00 hadi 24:00 kwa Jumatano hadi Jumamosi, na 00:00 hadi 06:00 kwa Alhamisi hadi Jumapili. Ripoti itarudi kwenye 40.

Nchi mbili, saa mbili

Wanaofanya kazi na watu wa mbali wana jambo moja zaidi la kuangalia. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa moja. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Oman iko mbele kwa saa moja. Nchi hizi hazibadilishi saa zao mwaka mzima. Uingereza hubadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na hivyo London iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi.

Programu kwa kawaida huhifadhi rekodi kwa saa ya kimataifa, kisha huigeuza inapomwonyesha mtu. Swali ambalo wengi hawaulizi ni kwamba kichujio kinafuata saa ya nani, ya aliyefanya kazi au ya anayesoma ripoti? Tuseme wewe uko Dar es Salaam umefanya kazi 08:00 hadi 17:00 mwezi Januari, na msimamizi wako wa London amefungua ripoti yenye kichujio cha 08:00 hadi 17:00 kinachofuata saa yake. Kazi yako kwake inaonekana ilianza 05:00 ikaisha 14:00, na kichujio kitakuhesabia saa sita badala ya tisa. Hakuna aliyesema uongo. Mwezi Julai, bila mtu yeyote kugusa mpangilio wowote, utahesabiwa saa saba, na msimamizi anaweza hata kukupongeza kwa kujitahidi.

Sikukuu hazihitaji maelezo marefu: kichujio kinajua Jumatatu, hakijui Saba Saba. Tarehe 7 Julai 2025 iliangukia Jumatatu, na ripoti iliyochujwa kwa ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa iliihesabu kuwa siku ya kawaida isipokuwa pale mtu alipoitoa kwa mkono au kwa kalenda ya sikukuu. Idi ni ngumu zaidi kwa kuwa tarehe yake husubiri mwezi uandame, na hakuna ratiba iliyojazwa Januari itakayoipata kwa uhakika.

Lini na kiasi gani

Sasa turudi kwa mwenzangu na saa zake saba na nusu. Wiki ile alifanya kazi saa nane kwa siku ndani ya ratiba, isipokuwa Ijumaa ambapo aliondoka mchana kwa ruhusa kumpeleka mtoto hospitali. Ndiyo saa 36. Jioni za Jumatatu, Jumatano na Alhamisi alibaki ofisini hadi 19:30 kumalizia kazi ya mteja, saa mbili na nusu kila siku. Ndiyo saa saba na nusu. Baada ya kuelewa kwamba hazikupotea, swali lake la pili lilikuwa la haki kabisa: "Basi hizo zote ni ovataimu?"

Hapa kichujio hakina jibu, na watu wengi hudhani kinalo. Kichujio cha ratiba hupima muda uliangukia wapi kwenye saa na siku. Hakipimi ni mwingi kiasi gani. Muda wa ziada kwa sheria ni ule unaozidi saa za kawaida, na ukomo wa saa za kawaida Tanzania ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki. Kenya, amri ya jumla ya mishahara inaweka wiki ya kawaida ya saa 52 kwa siku sita. Ukizipeleka jioni zake tatu kwenye vipimo hivyo unapata majibu matatu. Kichujio kinasema saa saba na nusu ziko nje ya ratiba. Ukomo wa saa 9 kwa siku unasema kila moja ya siku hizo ilikuwa na saa 10 na nusu, kwa hiyo ziada ni saa moja na nusu mara tatu, yaani nne na nusu. Ukomo wa saa 45 kwa wiki, ukisomwa peke yake, unasema hakuna ziada hata dakika moja, kwa kuwa jumla ni 43 na nusu.

Geuza mfano uone upande wa pili. Mtu anayefika saa 10:00 kwa sababu ya foleni na kuondoka 19:00 ataonekana ana saa mbili nje ya ratiba kila siku, ingawa jumla yake ya siku, ukitoa chakula, ni saa nane tu. Mwajiri anayelipa kila kitu kilicho nje ya ratiba kwa kiwango cha mara moja na nusu atamlipa huyu kwa kuchelewa.

Kwa hiyo kuna malipo ambayo kichujio cha ratiba kinayafaa na mengine ambayo hakiyafai. Nyongeza ya usiku inategemea ni saa ngapi. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki na ya sikukuu, ambayo kwa Tanzania hulipwa mara mbili, inategemea ni siku gani. Huko kichujio ndiko mahali pake. Muda wa ziada unategemea jumla, na kwa huo unahitaji ripoti isiyochujwa, iliyopangwa kwa siku na kwa wiki, uilinganishe na mkataba.

Tuliufungua mkataba wa mwenzangu. Ulitaja saa nane kwa siku, na jioni zile tatu alikuwa ameombwa na kukubali, hivyo saa saba na nusu zilisimama zote. Kichujio kilikuwa kimeotea tu. Karatasi ya mwezi uliofuata ilikuwa na safu tatu, ndani, nje na jumla, na juu yake nikaandika mstari mmoja unaotaja ratiba iliyotumika, nchi ambayo saa yake imefuatwa, na tarehe za sikukuu zilizotolewa.